Mashine Iliyokataa Kuondoka Bila Kuaga

Mwezi uliopita Yaya Zawadi (kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto) alirudi Malawi kutoka Kanada kututembelea, miwani usoni na kiuno kikimsumbua, lakini mdomo ni ule ule. Nilimpikia sombe, majani ya mihogo, kwa mawese, na ndagala, dagaa wa kwetu, ambao mtu alituletea kutoka Uvira, akala mpaka akalegeza kifungo cha sketi mbele yetu bila aibu. Kisha akatoa laptop yake ili atuonyeshe picha za theluji, nyumba yake, na gari ambalo anadai analiendesha mwenyewe. Alipomaliza aliifunga tu, pa, kama mtu anavyofunga Biblia, akaitia kwenye mkoba na kuomba chai. Mimi na Bahati, mume wangu, tulitazamana. "Nini?" akauliza. Nikamwambia, "Yaya, hukuizima." Akasema, "Mi nafunga tu, inalalaka yenyewe." Halafu akakumbuka. Alicheka mpaka vikombe vikagongana, na sisi tukamfuata, na chai ikapoa bila mtu kuigusa.

Jioni ile tulisimulia yote tena, na niliona kwamba Bahati anasimulia kwa kujipendelea, hasa anapofika kwenye habari ya mahubiri ya Pasta. Kwa hiyo nimeamua kuandika mimi. Nilizaliwa wapi na nilifikaje Dzaleka, kambi ya wakimbizi, sitasema hapa. Hayo yana mahali pake. Mwaka ninaousimulia ni ule ambao vita vya Kivu viliwaka upya, watu wakawa wanashuka kila wiki na magodoro kichwani, nami nilikuwa msichana mwenye sketi mbili na kiburi cha sketi kumi. Watu wakiniuliza kama ulikuwa mwaka mgumu, huwa nasema ndiyo, kwa adabu tu. Ukweli ni kwamba sijawahi kucheka kama nilivyocheka mwaka ule.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi, na darasa letu la kompyuta lilikuwa ndani ya mojawapo ya majengo yale ya zamani. Kuta zilikuwa nene, na dirisha lilikuwa dogo na juu sana, mahali ambapo mfungwa hawezi kuona chochote ila mbingu. Palikuwa na ubaridi mzuri mle ndani hata wakati wa joto la Oktoba. Kompyuta zilikuwa laptop kuukuu zilizotolewa na ofisi moja ya Lilongwe ambayo ilikuwa imenunua mpya, na zote zilikuwa na Linux, kwa sababu Linux ni ya bure na haichagui mashine kwa umri. Mwalimu wetu alitufundisha kwa miezi michache, kisha akapata kazi mjini akatuachia funguo. Mimi na Bahati tulikuwa tumeelewa zaidi kidogo kuliko wengine, au tulisema kwa sauti kubwa kuliko wengine kwamba tumeelewa, basi tukakabidhiwa laptop moja kwa ajili ya kanisa. Bahati alipiga gitaa kwenye korale, yaani kwaya yetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza.

Nasi tulikuwa na jambo kubwa la kubonyeza. Yaya Zawadi, sauti ya kwanza ya korale yetu, alikuwa amepata safari: yeye na watu wake walikuwa wamekubaliwa kuhamia Kanada. Kila mtu alifurahi hadharani na kusikitika nyumbani kwake. Nyimbo zetu alizitunga yeye, nyingine alizianza kwao Fizi akichimba mihogo, na hakuna aliyezijua kuanzia mwanzo mpaka mwisho isipokuwa yeye. Siku moja tukiwa tunakula nsima, ugali wa huku, na usipa kwake (usipa ni samaki wadogo wa ziwa la Malawi, ambao Yaya Zawadi aliwala miaka yote huku akiwasema vibaya kwamba si ndagala), aliweka tonge chini akasema, "Mi nitaenda, hiyo iko sawa. Lakini nyimbo zangu zisiende na mi. Mukishindwa kurekodi, mi nitakuwa naimba kule peke yangu mu baridi, na nyiye hapa munabaki bububu." Hakucheka aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyejibu kwamba tutarekodi zote, kabla Bahati hajamaliza kumeza.

Umeme wa kanisa ulitoka kwa jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi, kwa waya mmoja uliopita juu ya paa za watu. Kinu kikisaga, tulikuwa na umeme lakini hatukuweza kurekodi kwa kelele. Kinu kikinyamaza, tulikuwa na dakika kadhaa za utulivu mpaka mwenye kinu akumbuke kushusha swichi na kwenda kula, na alikuwa mtu wa kukumbuka bila kutuambia. Betri ya laptop ilikuwa imechoka na haikuweza kushikilia hata muda wa kumaliza sahani ya maharage. Hilo tungeliweza. Tatizo lilikuwa kwamba laptop yenyewe ilikataa kuzimika. Unabonyeza kuzima, skrini inaonyesha ile picha nzuri ya kuaga, duara linazunguka, linazunguka, feni inavuma, na hapo ndipo inapobaki. Umeme ukikatika na sisi tukihangaika kuizima, betri iliisha katikati na mashine ikafa vibaya. Wimbo wa kwanza tuliorekodi, ule ambao Yaya Zawadi aliuimba mpaka mishipa ikasimama shingoni, tuliukuta siku ya pili umekuwa faili lisilofunguka. Niliona uso wake. Alisema tu, "Tuimbe tena," akafunga kitambaa vizuri kichwani, lakini tangu siku ile kila tulipomaliza aliniangalia mimi, si Bahati.

Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda kabaza, baiskeli za kubeba abiria, mpaka barabara kuu, tukaenda Lilongwe, mtaa wa Area 36, kwenye duka la bambo Phiri. Bambo ndivyo Wamalawi wanavyomwita mwanaume wa heshima, na huyu alistahili: aliuza chaja na vifuniko vya simu, akatengeneza redio, na alikuwa na intaneti iliyokwenda polepole lakini ilifika. Alitupa kiti kimoja tukikalie wawili. Nilisoma kurasa za watu wa nchi nyingine waliokuwa wakilia kilio chetu hicho hicho, na katikati ya mabishano yao nikapata neno moja la busara: wakati inazimika, bonyeza kitufe cha juu kushoto, picha nzuri itaondoka na utaona maandishi ya kile inachokifanya kweli. Tulifanya hivyo pale pale. Picha ikaondoka. Chini yake mashine ilikuwa inaandika mstari mmoja, tena na tena, kwamba kompyuta fulani haijibu, bado inajaribu. Jina la kompyuta ile hatukulijua. Bambo Phiri alilisoma kwa sauti, akasema hilo ni jina la mashine kuu ya ofisi ile iliyotoa laptop. Aliwahi kuwatengenezea nyaya zao.

Ndipo tulipoelewa. Laptop yetu, ilipokuwa ofisini, ilikuwa imeunganishwa na kabati kubwa la mafaili kwenye mashine ile kuu. Waliotuletea walifuta nyaraka zao lakini walisahau kufuta ile ahadi. Kila ilipotaka kuzimika, ilimtafuta mwenyeji wake wa zamani ili imuage kwanza, na mwenyeji alikuwa mbali, kwenye jengo lenye viyoyozi, hana habari. Tulifungua faili linaloorodhesha makabati, tukaondoa mstari ule, tukajaribu. Ilizimika kabla sijaondoa kidole. Bambo Phiri alipiga makofi mara tatu na kutuuzia chaja ambayo hatukuihitaji.

Tulipomsimulia Yaya Zawadi alikaa chini kabisa, kwenye saruji ya kanisa. Mtu asiyejua korale yetu hawezi kuelewa kwa nini ilimchekesha kiasi kile. Sisi mazoezi hayaishi kwa maombi. Yanaisha kwa msururu mlangoni, kila mtu anamshika kila mtu mkono, anamuuliza habari za nyumbani alizomuuliza alipoingia, na mtu akitoroka bila kushikwa mkono jioni hiyo hiyo wanatumwa wawili kumuuliza kama ana hasira. Mazoezi ya saa moja yaliagwa kwa nusu saa. "Kumbe iko mutu ya kwetu!" Yaya Zawadi alisema akijipangusa machozi. "Haiwezi toka mu nyumba bila kuaga. Na munaipigapiga bule, masikini!" Kuanzia siku hiyo aliiita mkimbizi mwenzetu, na alikuwa akiisalimia.

Lakini kuzimika haraka hakukutosha. Umeme uliweza kukatika katikati ya wimbo, na hakuna mwanadamu wa kumwambia Yaya Zawadi anyamaze ili nizime mashine. Tulichotaka ni ule usingizi mzito: betri ikikaribia kuisha, laptop yenyewe iandike kila kitu kilicho kichwani mwake kwenye diski, izimike kabisa, na ikiamka iendelee pale pale. Nilijaribu kuilalisha hivyo, ikakataa. Nikajaribu tena, ikaandika kwamba haina nafasi ya kulalia. Nilisoma tena, nikaelewa kwamba Linux inahitaji chumba kwenye diski kinachoitwa swap, kisichopungua ukubwa wa kumbukumbu yake, ambacho humpi mtu. Kinakaa kitupu siku zote kikisubiri usiku wa dharura. Nikatazama diski. Chumba hakikuwepo. Nikamtazama Bahati, naye akatazama gitaa lake.

Bahati wangu, ili nimtendee haki, alifanya kosa ambalo mtu yeyote wa Dzaleka angelifanya mwaka ule. Alikuta sehemu ya diski haina hata faili moja. Na sisi tuliishi mahali ambapo familia ikihama asubuhi, mchana kuna pazia jingine mlangoni. Wiki ile ile kupitia ukuta wetu nilimsikia mwenyekiti wa mtaa akibishana na mama mmoja aliyekuwa na chumba cha ziada: "Mama, iko bantu balikuya jana, iko na batoto, banalala inje. We fasi ya bule unaichunga juu ya nini?" Mama akajibu kwamba anamsubiri mtoto wake atoke mji wa Baraka. Mwenyekiti akasema, "Atakuya, Mama. Siku atakuya, bote tutasogea." Mtu aliyekulia katika maneno kama hayo akiona nafasi tupu anaona dhambi. Bahati aliigawa. Akaijaza mahubiri ya Pasta Yona, ya miaka yote, aliyoyarekodi kwa simu, na Pasta alikuwa amemshukuru mbele ya kanisa zima.

Tulikwenda sote watatu kwa Pasta, Yaya Zawadi akiwa mbele. Pasta Yona alikuwa fundi cherehani kati ya wiki, na alitupokea akiwa na pini mdomoni. Bahati alieleza kwa kuzunguka, akapitia Edeni na Misri, mpaka mimi nikachoka nikasema kwamba tunaomba kuondoa mahubiri kwenye kompyuta. Pasta alitoa pini moja moja. "Munataka kufukuza Neno ya Mungu mu nyumba," alisema.

"Si kufukuza, Baba Pasta. Kuhamisha," nikajibu.

"Na mukishatoa, mutaingiza nini mule?"

"Hakuna kitu."

"Namna gani, hakuna kitu?"

"Inapaswa kubaki bule, Baba Pasta. Njo itaweza kulala."

Alitutazama mmoja mmoja, mtu aliyekuwa amelaza familia mbili za wageni ndani ya kanisa lake mwezi ule. "Chumba ya bule," alisema polepole. "Mu Dzaleka." Nilifikiri tumeshindwa. Ndipo Yaya Zawadi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Baba Pasta, mahubiri yako ni yako, na kila siku ya Mungu utahubiri ingine. We unabaki. Mi minaenda." Pasta alirudisha pini kwenye kitambaa, akakichomachoma pembeni bila kushona kitu. Kisha akasema kwamba mahubiri yake hayatatupwa, yatatafutiwa wenyeji.

Na yakatafutiwa. Jumapili baada ya ibada kila mwenye simu yenye kadi ya kumbukumbu alipanga foleni, nikampa hubiri moja au mawili ya kuyatunza, na watu waliyapokea kama wanavyopokea wageni, wakiuliza ni marefu kiasi gani na kama yanakula nafasi sana. Mama mmoja aliangukiwa na hubiri la umbea akataka kujua nani amemchagulia. Fundi baiskeli alikataa kabisa la ulevi, akabadilishana na jirani akapata la subira. Pasta Yona alisimama mlangoni akiyaaga moja moja kwa majina, na nilipomtazama nikaona anafurahi kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanagombania maneno yake.

Nilirudisha chumba. Nikailalisha laptop, ikalala vizuri, taa zote zikazimika. Tulishangilia mapema mno. Ilipoamka ilituamkia mpya, nyeupe, haina wimbo, haina dirisha lililokuwa wazi, haimjui mtu. Na Yaya Zawadi alikuwa amebakiwa na siku moja tu Dzaleka na wimbo mmoja haujarekodiwa, ule mkubwa kuliko yote, ambao alikuwa ameuahirisha kila wiki kwa visingizio. Nilikesha na karatasi nilizochapisha kwa bambo Phiri, na alfajiri nikaona tulichoruka: mashine ilikuwa inaweka mzigo wake chumbani vizuri kabisa, lakini hakuna aliyeiambia kwamba ikiamka iende kuutafuta chumba gani. Ni mstari mmoja wa kuandika kwenye maagizo ya kuwakia. Niliuandika asubuhi, na kabla sijaujaribu korale ikaingia, kinu kikanyamaza, na Yaya Zawadi akasema, "Sasa, mbele nibadilishe roho," yaani kabla hajageuza nia.

Waliimba. Sitaki kuueleza wimbo ule, nitauharibu. Nitasema tu kwamba Yaya Zawadi aliimba amefumba macho, na wale wanawake wa sauti ya pili walimshika nyuma kama watu wanaobeba kitu pamoja. Mle ndani palikuwa na joto, jasho na harufu ya mawese kutoka chakula cha kuagia kilichokuwa kinapikwa nje. Kulitokea mlio mkali upande wa kinu, na taa ya chaja ikazimika. Mwenye kinu baadaye alisema alijaribu kukiwasha tena na mota ikaungua. Nilitazama alama ya betri ikishuka. Wimbo haukuwa umefika mwisho. Ningeweza kuinua mkono, wangesimama, ningehifadhi kilichokuwepo. Sikuinua. Betri ikafika chini, skrini ikawa nyeusi, feni ikazunguka kidogo ikanyamaza, na korale iliendelea kuimba kwa mashine iliyolala. Yaya Zawadi alipofumbua macho aliniangalia mimi, kama kawaida yake. Nilimwambia, "Sijui, Yaya. Imelala. Sijui kama itaamka na wewe." Aliweka kiganja juu ya laptop, ilikuwa bado na moto, akasema, "Itaniambia."

Kesho yake asubuhi basi lilimchukua. Msururu wa kuagana ulianza kanisani ukaishia barabarani, na dereva alipiga honi mpaka akachoka akashuka naye akashikwa mikono. Kinu kilikuwa kimekufa na upande wetu mzima wa kambi haukuwa na umeme, hivyo siku iliyofuata, yeye akiwa tayari ndegeni, mimi na Bahati tulibeba laptop kwenye kitenge mpaka Area 36. Kwa bambo Phiri kulikuwa na wateja wanabishana bei ya redio. Nilichomeka chaja. Niliwasha. Maandishi meupe yalipita, nikaona mashine ikikitaja chumba chake, ikasimama muda ambao ningeweza kuzeeka, kisha skrini ikafunguka na dirisha la kurekodi likawa pale pale tulipoliacha, na mistari ya sauti ya Yaya Zawadi imejaa kuanzia ukingo mpaka ukingo. Nililia kwa furaha pale dukani, nikapiga kelele, nikamwita Yaya Zawadi kana kwamba yuko mlango wa pili.

Bahati ndiye aliyeona kwamba mistari inaendelea kuchorwa. Hakuna aliyekuwa ameiambia ile programu iache kurekodi, basi ilipoamka iliendelea na kazi. Korale ilikaa kuamua kama tukate kile kipande cha dukani. Pasta Yona alisikiliza mara mbili, akasema tusikate. Kwa hiyo wimbo ule, watu wa Dzaleka wanaousikiliza Kanada na Ostralia na kwingineko wanausikia hivi: Yaya Zawadi anapanda, anapanda, anafika kwenye neno "nitawaona," na hapo hapo, bila nafasi hata ya kuvuta pumzi, sauti ya msichana inaitikia, "Yaya Zawadi! Uko hapa! Uko hapa!"